Maslahi Peke Yake Si Hukumu

Katika kongamano moja kuhusu kuanguka kwa Goma, mashariki mwa Kongo, mikononi mwa waasi wa M23, mama mmoja aliyeukimbia mji huo Januari 2025 aliuliza: katika majeshi yote yaliyopita kwetu, ni lipi lililokuwa na haki ya kuwapo? Msomi mmoja wa meza kuu akamjibu, "Mama, tuwe wakweli. Kila anayeingia Kongo ana maslahi yake. Wote ni wale wale." Ukumbi ukapiga makofi. Mama yule alikuwa bado amesimama, anataka kuendelea, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa mkononi mwake.

Jibu lile limenikaa kooni. Sitapoteza muda kueleza maana ya mamlaka ya dola wala kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mkataba wa OAU wa 1963 uliitaja, na wanafunzi wa siasa wameikariri. Ninachotaka kukichunguza ni kile kiruko cha fikra: kutoka "ana maslahi" hadi "basi hana haki."

Chukua vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Je, Tanzania ilikuwa na maslahi yake katika kumwondoa? Tena tele. Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, alikuwa amehifadhiwa Tanzania, wapiganaji wake walikwishajaribu kurudi kwa nguvu Septemba 1972 wakitokea huku huku, na Nyerere hakumtambua Amin asilani. Lakini wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Kampala Aprili 1979, seli za Nakasero, ambako watu wa usalama wa Amin walitesa na kuua, zilifunguliwa. Aliyetoka humo akiwa hai amepungukiwa nini kwa kuwa aliyemfungulia mlango alikuwa na hesabu zake? Mkunga hulipwa, wala hakuna anayesema kwamba yeye na mwizi wa watoto wachanga ni kitu kimoja kwa sababu wote wawili wanataka fedha.

Kugundua maslahi ni kuanza uchunguzi, si kuumaliza. Baada ya hapo yapo maswali yanayouma. Maslahi hayo yanaoana na uhai wa wenyeji, au yanaishi kwa kuwafukuza? Mwenye nayo anayataja hadharani? Na akiambiwa "ondoka", anaondoka? Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia Kivu Kaskazini Novemba 2022. Wakongo wengi walikilalamikia kwamba hakipigani, serikali ya Kinshasa ikakataa kukiongezea muda, na Desemba 2023 askari wakafungasha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao wameandika, ripoti baada ya ripoti, kwamba askari wa Rwanda wanapigana pamoja na M23. Kigali inasema inajilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Tangu Aprili 2024 M23 wameishika Rubaya, kunakochimbwa koltani. Hao aliwaalika nani, na nani atawaaga? Kuwatia wote katika kapu moja ni uvivu wa akili unaojifanya ujasiri, na anayefaidika nao ni mvamizi, maana wote wakiwa wale wale, yeye hana la kujibu.

Tena hoja hiyo haiwagusi waliokataa kuja, ilhali nao walikuwa na maslahi. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya Rwanda yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua kukipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini humo, UNAMIR, hadi watu 270. Marekani ilikuwa haijasahau askari wake waliouawa Mogadishu Oktoba 1993. Kubaki nyumbani pia ni kutetea maslahi, na maslahi hayo yalilipiwa na Watutsi waliochinjwa makanisani.

Kwamba Uganda baada ya Amin ilipata uchaguzi wenye utata wa Desemba 1980 na damu iliyomwagika Luwero, ni hoja nzito dhidi ya mfano wangu wa Kagera na naikubali. Kwamba mwenye nguvu hujiteua hakimu, pia ni kweli.

Hata hivyo, lipo jambo moja la vita vya Kagera ambalo sichoki kulisimulia. Gaddafi wa Libya alikuwa amepeleka askari kumsaidia Amin. Kampala ilipokaribia kuanguka, Watanzania wangeweza kuuzingira mji pande zote, lakini waliiacha wazi barabara ya mashariki iendayo Jinja ili Walibya wapate pa kutokea. Nyerere hakutaka kuiaibisha Libya. Katikati ya mizinga alikuwa anafikiria siku ambayo mataifa haya yangekaa tena meza moja. Barabara ile ilikuwa diplomasia kamili, bila hati wala sahihi.

Nimesema kipimo kimoja ni kama mgeni anaondoka akiambiwa. Lakini anayesema "ondoka" akiwa ndiye muuaji, kama Amin, tutamsikiliza nani? Hapo kipimo changu kinakwama, na sijaona kingine kinachopita. Viongozi wa Afrika walidhani wamepata jibu huko Lomé Julai 2000: ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika inaupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakaamua wasiwapeleke bila ridhaa yake. Kikosi hakikwenda, na hadi leo Umoja wa Afrika haujawahi kuitumia ibara hiyo kupeleka askari mahali ambapo serikali imewakataa.