Nabii Yeremia Alipima Feza Yake

Somo: Yeremia 32:6-15. Soma tena Yoshua 9 na Waamuzi 16.



Wengine watashangaa kukuta jambo hili katika karatasi ya Kanisa. Tunataka kusema juu ya kununua vitu kwa intaneti na kulipa kwa kadi ya banki. Mtu atauliza: je, hilo ni jambo la roho? Tunamjibu kwa ulizo lingine: feza ya mjane ikiibiwa, analia machozi ya mwili au ya roho?

Zamani kadi ya banki ilikuwa kitu cha wakubwa. Lakini tangu mwaka 2011 leta ilipoanza kupitisha mishahara ya watumishi wake katika banki, waalimu na wauguzi wengi wamejifunza njia hiyo, na wengine kati yetu wana kadi mfukoni. Tena simu imeleta soko la dunia nzima mkononi mwetu. Cherehani, pompi ya maji, kioo cha jua cha kutoa umeme, vitabu vya mtoto anayesoma: kitu kikikosekana katika soko kuu ya mji wetu, picha yake inaonekana katika simu, na bei imeandikwa chini. Na sisi tuko mbali. Kutoka hapa mpaka Kinshasa kwa njia ya mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Mtu aliye mbali analipa kwanza, anangoja baadaye. Mwizi anakaa papo hapo, kati ya kulipa na kungoja.

Sasa tumwangalie nabii Yeremia. Yerusalema ilikuwa imezungukwa na jeshi la Babeli, naye alikuwa amefungwa katika kiwanja cha walinzi. Neno la Mungu likamfikia, likamwambia kwamba Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, atakuja kumwuzia shamba lililo Anathothi. Na Hanameli akaja kweli, kama alivyoambiwa. Basi nabii huyu alikuwa na sauti ya Mungu, na muuzaji alikuwa mtu wa ukoo wake. Kama kuna mtu angeweza kulipa akiwa amefumba macho, ni Yeremia.

Lakini alifanya nini? Alipima feza katika mizani, shekeli 17. Aliandika hati, akaitia muhuri. Aliita mashahidi. Tena hati zilikuwa mbili, moja imefungwa na moja iko wazi, akampa Baruku mbele ya watu wote ili aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Hakusema: Roho amekwisha kuniambia, mizani ni ya nini?

Tunalisema hili kwa sababu sisi ni Kanisa la maono na ndoto, na hatuoni haya juu ya jambo hilo. Lakini tumesikia mtu akisema: niliomba, moyo wangu ukatulia, nikalipa. Ndugu, kutulia kwa moyo si shahidi wa duka. Kama nabii aliyeambiwa na Mungu mwenyewe alitafuta mizani na mashahidi, wewe uliyeambiwa na picha ya simu utapita bila mizani?

Je, mizani yetu ni nini? Tufungue Yoshua 9. Watu wa Gibeoni walikuja kwa Yoshua na magunia yaliyochakaa, viriba vya divai vilivyoshonwa-shonwa, viatu vyenye viraka, na mkate mkavu wenye ukungu. Wakasema wametoka nchi ya mbali sana. Watu wengi wanahubiri kwamba wazee wa Israeli hawakuchunguza. Si kweli. Walichunguza, hata waliugusa ule mkate. Kosa lao ni hili: walichunguza vitu vile tu ambavyo mdanganyifu mwenyewe aliwaletea. Hawakumwuliza Bwana, wala hawakumtuma mtu kuangalia. Baada ya siku tatu wakajua kwamba wageni wale walikuwa majirani.

Duka la uongo linafanya vilevile. Picha nzuri ni mkate wa Gibeoni, wameichukua katika duka la mwingine. Maneno ya wateja wanaosifu, wanaweza kuyaandika wenyewe. Hata ile alama ndogo ya kufuli ambayo tulifundishwa kuitafuta juu ya ukurasa: inasema tu kwamba njia kati ya simu yako na duka imefungwa, mpita njia hawezi kusikiliza. Haisemi kwamba mwenye duka ni mwaminifu. Mwizi naye anaweza kufunga njia yake. Watu wengi waliielewa vibaya, mpaka mwaka 2023 Google iliiondoa katika programu yake ya Chrome na kuweka alama nyingine.

Kwa hiyo tafuta shahidi asiyeletwa na muuzaji. Andika jina la duka mahali pengine katika intaneti, uone watu wanalalamika nini. Uliza mtu uliyemjua kabla, ambaye alinunua pale na kitu kikamfikia. Kama una ndugu Dubai au Guangzhou, au hata Kampala, mwombe aende kwa miguu yake kuona kama anwani ile ni duka au ni ukuta mtupu. Na soma jina la ukurasa herufi kwa herufi. Mnakumbuka watu wa Gileadi kwenye vivuko vya Yordani: herufi moja katika neno Shibolethi ilionyesha nani ni nani. Wezi wanapenda kuchukua jina la duka kubwa na kugeuza herufi moja, au kuongeza alama katikati. Afadhali uandike jina hilo wewe mwenyewe kuliko kugusa njia uliyotumiwa katika ujumbe.

Sasa juu ya haraka. Hapa Kisangani hatuhitaji mfano wa mbali, tuna maporomoko ya Wagenia. Mvuvi wa pale hamfukuzi samaki. Anafunga mitego yake, vile vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana, kwenye miti iliyosimamishwa katika maji makali, na mto wenyewe unafanya kazi. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani, na nguvu ile ile inamkataza kugeuka. Duka la uongo nalo lina mto wake. Bei ni nusu ya bei ya mahali pengine. Saa inahesabu dakika katika ukurasa. Wanaandika kwamba vimebaki viwili tu, na mtu wa mji fulani amenunua sasa hivi. Yote hayo ni maji ya kukusukuma, usipate nafasi ya kumwuliza mke wako au mume wako. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1991, wakati wa Zaire, watu waliopeleka feza zao kwa Bindo Promotion kule Kinshasa, kwa ahadi ya faida kubwa kwa siku chache. Hapakuwa na intaneti wala kadi, lakini mto ulikuwa ule ule. Shauri letu: kitu chochote cha bei kubwa, lala nacho usiku mmoja. Duka la kweli litakuwapo kesho asubuhi.

Tuje kwenye kadi yenyewe. Mbele kuna namba, mara nyingi 16, na tarehe ya mwisho. Kuna tena namba tatu ndogo, mara nyingi nyuma yake. Mtu akiwa na hizo, katika maduka mengi ya intaneti hahitaji tena kadi. Kwake ni kama ameishika. Basi tuseme juu ya desturi moja iliyo kati yetu. Ndugu asiye na kadi anamwomba ndugu mwenye kadi amlipie, naye kwa upendo anapiga picha ya kadi, mbele na nyuma, na kuituma kwa WhatsApp. Picha hiyo inakaa katika simu ya mwingine, simu inauzwa, simu inaibiwa, watoto wanaichezea. Upendo ni mzuri, picha ni mbaya. Mwambie aje nyumbani, mkae pamoja, wewe mwenyewe uandike namba.

Tena kuna namba ile ya mara moja ambayo banki inaituma katika simu yako wakati wa kulipa. Hiyo ndiyo nywele za Samsoni. Delila hakuwa na nguvu ya kumshinda, Wafilisti wote hawakuwa nayo. Aliuliza tu. Akauliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamsumbua siku kwa siku na maneno ya mapendo, mpaka Samsoni akasema siri yake kwa kinywa chake mwenyewe. Mwizi wa leo anapiga simu kwa sauti ya heshima: Mama, sisi ni watu wa banki, kadi yako ina tatizo, tusomee namba iliyoingia sasa katika simu. Ukimsomea umekwisha kutia sahihi. Banki haiombi namba hiyo kwa simu. Na duka la kweli la intaneti haliombi namba ya siri unayoitumia kwenye mashine ya kutolea feza. Kata simu, nenda ukaulize kwenye banki yenyewe, au piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi.

Hata duka la kweli linaweza kuibiwa. Mwaka 2018 wezi waliingia katika ukurasa wa malipo wa British Airways, kampuni kubwa ya ndege ya Uingereza, wakachukua namba za kadi wakati wateja walipokuwa wakiziandika. Zaidi ya watu 400,000 waliguswa na uhalifu ule, na mwaka 2020 kampuni ilitozwa faini ya paundi milioni 20. Wateja hao hawakufanya kosa lolote. Kwa sababu hii usiruhusu kila duka kutunza namba ya kadi yako. Na usilipe kwa kadi inayoshika mshahara wote. Uliza banki yako kama ina kadi ambayo unaiwekea feza kwanza, kiasi unachotaka. Mama anayekwenda sokoni hafungi akiba ya mwaka mzima katika kitenge.

Neno lingine ambalo wengi hawalijui. Muuzaji akikuambia: kadi inasumbua, tuma feza kwa M-Pesa au Airtel Money kwenye namba hii ya mtu, ujue anakuondoa kwenye njia yenye mlango wa kurudi. Kadi za Visa na Mastercard zina kanuni: kitu kisipofika, banki yako inaweza kuidai feza hiyo kutoka banki ya muuzaji. Muda wake una mwisho, mara nyingi siku 120, na banki itadai ushahidi. Lakini feza iliyotumwa kwa simu ya mtu na kutolewa kwa wakala, ni vigumu sana kuirudisha. Ndiyo maana mwizi anaikimbia kadi wakati anapodai kuuza, na kuitafuta wakati anapotaka namba zako.

Ikiwa umekwisha kuibiwa, siku ile ile, kabla ya kumwambia jirani, piga simu banki wafunge kadi. Kisha fanya kama Baruku. Weka katika chombo chako cha udongo kila karatasi na kila ujumbe: jina la duka, bei, tarehe, ahadi ya muuzaji, alama ya malipo. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tangu Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, ambayo inagusa biashara ya intaneti na wizi wake, kwa hiyo hata kwa wakubwa wa haki usiende kama mtu anayeomba huruma tu.

Na sasa tunasema kwa nguvu. Feza ikipotea kwa njia hii, usimtafute mchawi nyumbani. Kuna nyumba ambamo mzigo haukufika, na baada ya juma moja watu wanamtazama bibi kwa jicho baya, au mtoto yatima aliyelelewa pale, kwamba yeye ndiye anayefunga baraka. Kuna na wenye kujiita manabii wanaolithibitisha neno hilo, kisha wanadai feza ya maombi, na nyumba inaibiwa mara ya pili. Yatima hajui namba ya kadi yako. Aliyekuibia yuko mahali fulani na simu mkononi, anamtafuta mwingine. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, na mbele ya Mungu aliyejiita baba wa yatima, hesabu yake ni nzito kuliko ya hakimu. Nabii yeyote wa Kanisa letu atakayetaja jina la mtoto juu ya feza iliyopotea, atajibu mbele ya wazee.

Baada ya ibada ya siku ya Mungu inayokuja, vijana wanaosoma watakaa na mama na baba wanaotaka kuandikiwa barua ya banki, au kuangaliwa duka kabla ya kulipa. Njoo na karatasi zako zote. Kadi yenyewe uiache nyumbani.