Ahadi, Dawa na Siku za Kungoja

Andiko: 2 Wafalme 20:1-7



Hezekia aliugua ugonjwa wa kufa. Aligeukia ukuta, akaomba, akalia. Kabla Isaya hajafika mbali, Mungu akamrudisha na jibu: mfalme ameongezewa miaka 15. Wengi wetu tungepiga vigelegele hapo, tufunge ibada. Lakini soma mpaka mstari wa 7. Isaya yule yule aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Tena mfalme aliambiwa kwamba atapanda hekaluni siku ya tatu. Mungu mmoja alitoa ahadi, akatoa dawa, akaweka na siku za kungoja.

Nasema haya kwa ajili ya lukemia, saratani ya damu. Ile kali huenda mbio: chembe changa zisizokomaa hujaa ndani ya uboho wa mifupa, damu nzuri ikakosa nafasi. Mgonjwa huishiwa nguvu, huvuja damu, hushikwa na homa. Kemotherapi ya kwanza ikifaulu, vipimo huonyesha damu imetakata. Hapo ndipo adui hunong'ona: "Toa ushuhuda, achana na dawa." Mpendwa, usimsikilize! Chembe chache huweza kujificha kipimo kisizione, ndiyo maana daktari anasema tuendelee.

Wagonjwa wengine huvunwa mbegu za damu yao wenyewe, zikagandishwa kwenye baridi kali. Kisha hupewa kemotherapi nzito inayochoma ugonjwa pamoja na uboho. Halafu zile mbegu hurudishwa kwa mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu, nazo hutafuta njia mpaka ndani ya mifupa, zikaota upya. Ni kama mkulima anayeweka mbegu kando kabla ya kuchoma shamba. Lakini magugu yaweza kubaki ndani ya mbegu hizo, kwa hiyo katika lukemia kali madaktari mara nyingi hupendelea uboho wa ndugu anayelingana na mgonjwa. Wakenya wengi wameufuata upandikizaji huu India.

Sasa kanisa, sikilizeni. Kabla mbegu hazijaota, kwa wiki mbili au tatu, mwili hauna askari. Mafua yako madogo yaweza kumuua mtu. Tusijaze matatu kwenda kumwekea mikono! Maombi hayazuiliwi na mlango wa wodi. Ombea nyumbani, kisha nenda ukatoe damu, maana mgonjwa huyu ataongezewa damu mara nyingi. Changia nauli. Wapikie watoto wake. Huo nao ni upako.

Na tuseme ukweli: si wote hupona. Bob Collymore wa Safaricom alitibiwa lukemia kali Uingereza, akarudi kazini 2018, akafariki Nairobi tarehe 1 Julai 2019. Mgonjwa akienda, mtu asiseme alikosa imani. Hata Hezekia, miaka yake 15 ilipoisha, alilala na baba zake. Uponyaji wa mwili hutuongezea siku. Ni Yesu peke yake aliyeshinda kaburi.

Tuombe: Bwana, wape wagonjwa wetu moyo wa kumaliza dawa, wape madaktari hekima, na utupe sisi upendo unaojua kungoja. Katika jina la Yesu, amina.