Kabla Hujaiona Piramidi, Mwanangu

Mwanangu, nimefurahi kusikia unakwenda Misri. Umemaliza ualimu hapa Kinampanda, na nauli umejichangia mwenyewe. Nenda. Ila kaa kwanza, chai bado ipo, nikueleze yaliyonipata Kolo.

Sisi wa Iramba tumekulia kwenye majabali, tunayapita kila siku bila kuyatazama. Ndivyo nilivyokwenda Kolo, kaskazini kidogo ya Kondoa, kwenye ile michoro ya kale ambayo UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilikuwa kijana, akili yote iko kwenye basi la jioni. Nilipanda kilima cha Mungomi mbio, jua la utosi. Nilipofika juu niliona madoa mekundu tu. Nikafungua chupa yangu ya maji niyamwagie, rangi ikolee nione upesi niondoke.

Mzee aliyekuwa akituongoza alinishika mkono. Akaniambia maji huing'arisha rangi kitambo kidogo, kisha huacha chumvi juu yake, na kila anayemwaga anaifuta kidogo. "Kaa chini," akasema.

Nilikaa, na nilikuwa nimenuna. Polepole macho yakazoea kivuli. Doa moja likawa bega. Chini ya bega ukatokea mkono mwembamba, juu yake kichwa kilichozungushiwa mistari myembamba kama nywele. Pembeni akatokea mtu wa pili. Kumbe walikuwapo muda wote, mwanangu. Ile chupa bado inaniuma, maana mtu aliyechora pale hawezi kurudi kuchora tena.

Mtafiti Mary Leakey alikwenda Kondoa mwaka 1951 kuinakili michoro ile, mstari kwa mstari. Fikiria subira hiyo. Na Warangi bado wana matambiko yao Mungomi. Ukienda, ukakuta mabaki ya sadaka, pita kando, na simu uiache mfukoni.

Sasa Giza, penye piramidi. Jua la kule ni kali, basi fika asubuhi lango linapofunguliwa, funika kichwa, beba maji ya kunywa. Ukitaka kupanda ngamia, patana bei ukiwa bado chini. Mawe usiyapande, imekatazwa.

Halafu mtafute Merer. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu, watafiti walipata shajara yake iliyoandikwa kwenye mafunjo. Alikuwa kiongozi wa kikosi kilichobeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, enzi za Farao Khufu mwenyewe, mwenye ile piramidi kubwa, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Ameandika mambo ya kazi tu: leo tumepakia mawe, leo tumelala mahali fulani. Mimi habari hiyo inanigusa kuliko urefu wa piramidi yote.

Mawe meupe ya Tura ndiyo yaliyoifunika piramidi kwa nje. Mengi yaling'olewa zamani, lakini machache yamebaki chini kabisa, upande wa kaskazini. Nenda hapo. Tazama jinsi jiwe lilivyokutana na jiwe, usiguse. Wenzako watakuwa wanapiga picha na dereva anaita. Mwombe robo saa zaidi. Watoto wako wa darasa la nne watakuuliza nani alijenga, na nataka uwe na la kuwaambia.