Kaseti ya mwisho: juu ya neno « niliona »

Wenzetu katika kijitabu hiki wameandika juu ya mahari, matanga na majina ya watoto. Sisi tunaomba ruhusa ya kupitia mlango mwingine, mlango wa nyumba ya video. Usitucheke. Watu wa umri wetu, tuliozaliwa mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa miaka ya 80, tulisikiliza wazee katika ekyaghanda kidogo tu. Usiku mwingi tulikuwaka kwenye benchi la mbao, mbele ya televisheni moja, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Na swali tunalotaka kuuliza lilizaliwa pale: mtu ana haki gani ya kusema « niliona »?

Ilikuwa Butembo, nchi ingali inaitwa Zaire. Kaseti zilitoka Kampala, zikapita Kasindi ndani ya mizigo ya wafanyabiashara, katikati ya vitenge na vipuri vya pikipiki. Mara nyingi zilifika bila mpangilio, ya tatu kabla ya ya pili, ya sita bila ya tano. Zilisema Kiingereza, na kijana mmoja aliyesoma Uganda alisimama kando ya televisheni kututafsiria. Alitafsiri na kuongeza, kuongeza kuliko kutafsiri.

Hivyo ndivyo tulivyoona « V », mfululizo wa Wamarekani wa miaka ya 1983 hadi 1985. Wageni wanafika kutoka nyota ya mbali, vyombo vyao vikubwa vinasimama angani juu ya miji. Wana sura ya binadamu, wanavaa nguo nyekundu, na wanasema wamekuja kwa urafiki. Kumbe chini ya ngozi ile ni watu-mijusi, wamekuja kuchukua maji yetu na kutula sisi wenyewe. Hata leo ukitaja Diana, yule mkuu wao mwanamke aliyemeza mnyama wa jamii ya panya akiwa mzima, mtu wa umri wetu atacheka. Sisi tunaofuga dende jikoni hatukushangaa kwamba alimla. Tulishangaa kwamba hakumpika.

Tulipokuwa watoto tulipenda bunduki zao za mwanga, basi. Halafu ikaja 1996, halafu 1998, na watu wenye silaha wakaingia mjini kwa maneno mazuri, wakisema wamekuja kutukomboa. Sisi vijana tukanong'onezana: « Hawa ni watu wa V. » Toka siku ile hatukuiona tena hadithi ile kwa macho ya zamani. Baadaye sana tulisoma kwamba mtungaji wake, Kenneth Johnson, alianzia kwenye riwaya ya Sinclair Lewis ya mwaka 1935 juu ya udikteta kuingia Marekani yenyewe. Yaani tulikuwa tumeielewa vizuri kuliko tulivyojua. Ndiyo maana tuliendelea kuibishania tukiwa watu wazima, wenye kazi na watoto. Wengine wanabishana juu ya kandanda, sisi tulibishana juu ya mijusi.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa wa kaseti ya mwisho. Katika ile tuliyoiona, Kiongozi wa wageni anakuja kufanya amani. Elizabeth, msichana aliye nusu binadamu na nusu mgeni, anakubali kuondoka naye. Kijana anayempenda anajificha ndani ya chombo hicho hicho, na chombo kimetegwa bomu. Halafu giza. Mwenye nyumba ya video akasema kaseti inayofuata iko njiani. Tulingoja wiki, tukangoja mwaka. Wengine walisema imekamatwa na douane pale Kasindi. Wengine walisema kuna mfanyabiashara ameificha nyumbani kwake aione peke yake.

Palikuwa na mzee mmoja, tumwite Papa tu, ambaye alikuwaka anakwenda Kampala kila mwezi. Huyo alituambia: « Watoto, mimi niliiona. » Na akaisimulia. Kijana anaamka, anasikia bomu linahesabu, analitupa nje penye nyota. Msichana anarudi duniani na mvua inanyesha siku saba, maana maji yote yaliyoibiwa yanarudishwa. Mvua ile ndiyo tuliipenda. Papa aliisimulia miaka ishirini na zaidi: kwenye matanga, kwenye gari lililokwama matopeni, mbele ya wajukuu. Sisi wenyewe, tukiwa na diploma mfukoni, tuliisimulia darasani.

Siku moja mwanafunzi wetu alikuja na simu yake. Alikuwa amesoma kwamba mfululizo wa kila wiki ulikuwa na vipande 19, kwamba cha mwisho kilionyeshwa mwezi wa tatu 1985, na kwamba televisheni ile iliusimamisha pale pale. Kipande cha kufuata kiliandikwa kwenye karatasi lakini hakikupigwa picha hata siku moja. Kaseti yetu haikupotea Kasindi wala pengine. Haikuwahi kuwapo.

Basi Papa aliona nini?

Tulikwenda kwake, wawili. Hatukutaka kumwaibisha, mzee haaibishwi mbele ya watoto wake. Tukamweleza polepole. Alinyamaza, akacheka kidogo, akasema: « Wao walishindwa kumaliza. Mimi nilimaliza. Ninyi mulilala bila shida, siyo? »

Njiani tuligombana. Mwenzetu anayefundisha fizikia alisema uongo ni uongo, hata ukiwa na mvua nzuri ndani yake. Sisi upande wetu tulisema msimulizi hana kiapo, na ekyaghanda si tribunali. Leo, tukifikiri vizuri, tunaona wote wawili tulipita kando. Mwisho ule haukuwa kosa, ni mwisho mzuri, pengine kuliko ule ulioandikwa kule. Kosa liko kwenye neno moja dogo lililouanzisha. Angesema « mimi ningeimaliza hivi », tungemsikiliza vilevile. Au tungemsikiliza kidogo, na ndiyo maana hakusema.

Msomaji wa Beni anajua kwa nini hatuwezi kulichukua neno hilo kama mchezo. Toka mwezi wa kumi 2014, watu wamechinjwa kandokando ya mji ule, usiku kwa usiku. Asubuhi yake habari zinakimbia kuliko pikipiki. Mtu anasema « niliona » juu ya mgeni aliyepita njiani, kumbe alisikia kwa jirani aliyesikia kwa shemeji. Umati haumuulizi yeye swali la pili, unamwendea mgeni. Tumeona mtu akipigwa mawe kwa sababu ya neno lile, na hapa tunasema tumeona kwa sababu tulikuwapo. Bila shaka Papa na mvua yake hawakumuua mtu. Lakini ni ulimi ule ule, na mazoea ya ulimi hayajui leo ni video na kesho ni damu.

Tulipokuwa tukitafuta habari za « V » tuliangukia juu ya watu wengine wenye ugonjwa kama wetu, ila wao wana adabu ambayo inatupasa kuiiga. Ni wapenzi wa « Doctor Who », mfululizo wa BBC ulioanza tarehe 23 novemba 1963, habari za mtu asafiriye ndani ya wakati kwa kutumia kibanda cha polisi. BBC ilifuta kanda nyingi ili itumie tena utepe, maana utepe ulikuwa ghali na hakuna aliyefikiri kuna mtu atataka kuona mara ya pili. Katika vipande 253 vya miaka ya 60, karibu mia na zaidi vilikosekana. Lakini sauti zote zipo! Zilinaswa na vijana nyumbani kwao, kinasa sauti mbele ya televisheni, mama yao akiambiwa anyamaze. Kwa hiyo wapenzi wale wanapobishana, husema: hiki tumekisikia, hatujakiona. Wanatofautisha.

Na bado walikosea, jambo linalotufariji. Hadithi yao moja, « The Enemy of the World », ya vipande sita vya 1967 na 1968, ilibaki na kipande cha tatu tu. Kipande hicho ni cha polepole, mtu anaweza kusinzia. Wakahukumu hadithi nzima kuwa ni dhaifu. Halafu mwaka 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu za zamani, amekuta nakala Jos, huko Nigeria, katika stesheni ya televisheni: vipande tisa vilivyokuwa vimepotea, pamoja na vile vitano vya hadithi hii. Wakaona ni nzuri, Patrick Troughton anacheza watu wawili ndani yake, mwema na dikteta, nao wakabadili hukumu yao hadharani. Baada ya kupatikana vile tisa, 97 vilikuwa bado havijaonekana. Tazama pia ni wapi vilihifadhiwa. Wenyewe wa Uingereza walifuta, na rafu ya Waafrika ikatunza, hata kama ilitunza kwa kusahau tu.

Tusiwacheke BBC haraka. Kampala, mtaani Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza « Who Killed Captain Alex? » mwaka 2010. Filamu ile ya kwanza, bila msimulizi, haipo tena: ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayecheka, anayetania, anayefunika maneno ya wachezaji. Dunia nzima inaipenda kwa sababu ya sauti ile. Kumbe nani ana kosa hapo? Maskini anafuta kwa sababu hana nafasi. Tajiri naye alifuta kwa sababu hiyo hiyo, hilo ndilo linatushangaza.

Na sisi tulifuta. Tunaliandika hapa kwa sababu si vema kuwasema wengine peke yao. Mwisho wa miaka ya 90, kwa kazi ya shule, tulikwenda kijijini upande wa Beni na kinasa sauti cha betri, tukamrekodi babu mmoja akisimulia usiku mzima, kaseti mbili. Moja ya hadithi zile ilikuwa ya mtu aliyeacha milki yake akavuka msitu na mbwa wake. Kazi ikaisha, tukapata pointi zetu. Kaseti zikabaki juu ya kabati, na jumapili moja, kabla ya harusi ya rafiki, tulinasa nyimbo za redio juu ya sauti ya mzee. Kaseti tupu ilikuwa bei ya kilo mbili za maharagi. Babu alifariki. Kijiji kile watu walikikimbia, wengine wako Butembo, wengine hatujui.

Sasa sisi tuliokuwapo usiku ule tunabishana mtu yule na mbwa wake walifika wapi. Tunafanana kabisa na wale wa kipande cha tatu. Na tunagundua jambo baya zaidi: hadithi iliyopotea imekuwa tamu mno. Kila mwaka babu yule anaongezeka hekima. Hakuna kaseti ya kutukosoa. Alikuwaka pia anasahau majina, anarudia, anaomba tumbako katikati ya maneno. Hayo tumeyafuta mara ya pili, safari hii bila kinasa sauti. Tunasemaka wazee walijua yote. Pengine tunasema hivyo kwa sababu hawawezi tena kutuambia « hapana, hivyo sikusema ».

Kijitabu hiki kilipotayarishwa tuliombwa kuleta hadithi ile. Tukakutana watatu, jioni, nyumbani kwa yule wa fizikia, ambaye naye alikuwapo. Mmoja akasema mbwa alikufa njiani na mtu akajenga pale alipomzika. Wa pili akasema mbwa ndiye aliyefika kwanza, mtu akamkuta amelala penye maji. Wa tatu, na ni sisi, tulikuwa na hakika ya mambo yote mpaka tulipoulizwa: usiku ule ulikuwa macho saa ngapi? Tulikuwa tumelala. Tulisikia mwisho asubuhi, kwa wenzetu.

Tumeziandika zote kwenye daftari, kila moja na jina la aliyeileta, na kando yake kama alisikia mwenyewe au aliambiwa. Wa fizikia amekataa kutia sahihi chini ya ya mbwa aliyefika kwanza. Papa aliposikia kuna daftari alituma mjukuu wake kuuliza kama tunapokea pia ile ya mvua. Tumemjibu aje, ila alete na neno lake la kuanzia. Hajafika bado.