Daktari wa Gerezani na Watu Asiowajua
Kuishi kwingi ni kuona mengi, wazee walisema. Mimi huongeza: inategemea umekaa wapi.

Dk. John Colin Carothers alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akaingia Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ingawa hakuwa amesomea magonjwa hayo. Gereza la Nairobi nalo likawa chini yake kitabibu. Fikiria Waafrika aliokutana nao kazini: huyu kaletwa na askari, yule ana pingu, mwingine anajibu kupitia mkalimani huku anatetemeka.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Aprili mwaka huohuo Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanzia shule ya Mwisenge, Musoma, na kurudi na shahada ya Edinburgh mwaka uliotangulia, alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Daktari angemjulia wapi? Hakuwa mfungwa wala mwehu.

Pale mwaloni Mwigobero, Musoma, mama anayenunua sato hufunua kwanza mashavu atazame wekundu, ndipo ataje bei. Na huyo ni samaki tu.

Serikali ya Kenya iliona imempata mjuzi, ikamwomba aeleze uasi wa Mau Mau. Katika ripoti yake ya 1954, palipokuwa na kilio cha ardhi yeye aliona zaidi nafsi zilizovurugika, akaunga mkono watu kukusanywa vijijini. Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vyenye mitaro na walinzi.

Sisi wa mkoa wa Mara, Tanzania, tusijipige kifua haraka. Miaka ishirini baadaye, rais akiwa mwana wetu huyohuyo Nyerere, Operesheni Vijiji ilifika Bunda, Musoma na Butiama kwenyewe. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na kwangu tofauti hiyo si ndogo. Lakini nchini kote wengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha mihogo shambani na makaburi ya baba zao, na ofisa aliyechagua mahali pa kijiji kipya mara nyingi hakuwa ameketi hata jioni moja kwenye mji wa mzee aliyemhamisha.