Ndege Iliyotumika na Fedha za Wengine

Kununua kitu kilichokwisha kutumika si aibu Moshi. Katika soko la Memorial mnunuzi hulipindua shati ndani nje, akavuta mshono, akatazama kwapa, ndipo akauliza bei. Nguo haina siri nyingi kwa mtu mwenye macho. Ndege kubwa ya safari za wakuu wa kampuni ni mtumba wa namna nyingine: rangi yake hupakwa upya, na viti vyake huvikwa ngozi mpya, lakini maisha yake yamo katika madaftari.

Mkaguzi mwaminifu, basi, huanza na daftari. Huhesabu saa ilizoruka na mara ilizotua, kwa maana kila ipaapo mwili wake hutanuka kwa hewa iliyoshindiliwa ndani, na kila ishukapo hunywea, na madini huchoka kwa kutanuka na kunywea. Huingiza kamera nyembamba ndani ya injini atazame mapanga yake. Hutafuta kutu mahali pasipofikiwa na mwanga. Ukurasa uliopotea hupunguza thamani hata kama chombo ni kizima. Tena, kinyume cha dhana ya wengi, ndege iliyolala mwaka mzima yaweza kuwa mbovu kuliko iliyoruka kila juma: mipira hukauka, unyevu hujipenyeza, na baadhi ya matengenezo hufuata kalenda wala hayangoji safari. Rubani hulipwa, bima hulipwa, na banda hulipiwa, iruke isiruke.

Gulfstream G550 ni mfano mzuri. Huchukua abiria wasiozidi 19, huweza kwenda kiasi cha kilomita 12,500 bila kutua, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2021. Aitakaye leo hana budi kuchukua iliyotumika. Serikali ya Tanzania iliinunua ya aina hiyo, ikiwa mpya, zama za Rais Benjamin Mkapa. Waziri wa Fedha alikuwa Basil Mramba, mbunge wa Rombo, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na maneno yaliyovuma nchini kwa jina lake ni kwamba ndege itanunuliwa hata kama watu watakula majani. Yawe yalitamkwa hivyo au yalinolewa njiani, yalichoma kwa sababu yalitenga pande mbili: wale wanaoruka na wale wanaokula.

Mkaguzi aweza kujibu kama ndege ni nzima. Hawezi kujibu kama ni halali kwa huyu kuinunua kwa fedha za wale. Majibu hayo mawili huchanganywa kwa urahisi, hasa bei inaposhuka hadi nusu, kana kwamba nusu ya bei ya kisichohitajika ni akiba.

Si haki, hata hivyo, kuiita kila ndege majivuno. Uwanja wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, waweza kuipokea bila taabu, na mkuu anayepoteza siku mbili akingojea kuunganisha safari hupoteza mali ya wale anaowatumikia. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila ipimwe kwa namna watu wa mlimani walivyopima mfongo. Maji ya mfereji yaligawiwa kwa zamu kwa wale walioutengeneza, na mzigo wa kazi ulionekana na wote.

Chama cha wakulima wa kahawa kama KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, au kampuni yenye wanahisa wengi, ikijiwa na shauri la namna hii, haina budi kuwawekea wenye mali madaftari mawili mezani: la ndege, na la safari za mkuu kwa miaka mitatu iliyopita. La pili huwa fupi zaidi, nalo husahauliwa. Likionyesha kwamba safari nyingi zilikuwa za Dar es Salaam, ndege ya abiria hufika huko kwa muda wa kama saa moja, na kiti kimoja hutosha.