Je, Lugha Ina Hatia?

Anayejiandaa kwenda Asia ya Kati hushauriwa ajifunze Kirusi kidogo. Si ushauri mbaya. Kuanzia Almaty hadi Tashkent, Kirusi kitakupatia chai, tiketi na njia ya kurudi hotelini. Tena kina adabu ambayo sisi tunaielewa haraka: mzee au mtu usiyemjua unamwambia "zdravstvuyte", neno la kumtakia afya, "privet" ni ya washkaji. Kukosea hapo ni kama kumwambia babu wa watu "mambo vipi".

Ila kuna swali linanisumbua: nikifika Moynaq, nimsalimie mwenyeji kwa lugha gani?

Moynaq ipo Karakalpakstan, Uzbekistan. Ulikuwa mji wa wavuvi kwenye Bahari ya Aral. Kuanzia miaka ya 1960 wakuu wa Kisovieti walizidi kuchepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya ili yamwagilie pamba, bahari ikakauka. Leo meli zimekaa mchangani zinaliwa na kutu, na watalii wanakwenda kupiga picha. Mipango ile iliandikwa Moscow, kwa Kirusi. Je, nikikitamka mbele ya meli hizo, namtonesha mtu kidonda?

Utaniambia lugha haikuchepusha mto. Kweli. Lakini waulize Waganda. Wengi wao walikichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia vinywani mwa wanajeshi. Sisi tuliolelewa nacho tunashangaa: lugha tamu hivi ina kosa gani? Haina. Ila sikio lina kumbukumbu zake, na mwenye sikio si mimi.

Wala nisijifanye mtetezi wa watu ambao hawajanituma. Huko Moynaq wapo wanaokitumia Kirusi kazini, sokoni, hata nyumbani. Kukikwepa kwa niaba yao nako ni dharau.

Kwa hiyo naona mgeni aanze na "assalomu alaykum", salamu ambayo Mswahili hahitaji kitabu kuijua. Ashukuru kwa "rahmat", ndugu wa rehema yetu. Kisha anyamaze kidogo, mwenyeji achague. Akiendelea kwa Kirusi, twende naye. Akirudi kwenye Kikarakalpaki, basi tusaidiane kwa mikono na tabasamu.

Aliyechukuliwa bahari bila kuulizwa, angalau lugha ya mazungumzo aulizwe. Kamera isubiri.